Boti ya Bukuru Kwenye Orodha

Wiki niliyokuwa nakabidhi funguo za chumba cha mawasiliano cha Kibirizi, Neema aliniambia, "Mzee Hamisi, waandikie vijana habari za ile proksi ya orodha ya maboti, wasije wakaivuruga." Nikamjibu kwamba maelekezo yapo, tena ameyaandika yeye mwenyewe. Akasema maelekezo yanaonyesha nini kimefanyika, hayaonyeshi kwa nini. Basi vijana, hii ndiyo kwa nini. Vyeo sitavitaja maana havikuwa vingi, na mshahara mnaujua, ndio huohuo mnaounung'unikia ninyi.

Mimi ni mtu wa Ujiji. Nilipoajiriwa, chumba chetu kilikuwa na redio ya mawasiliano, betri ya gari, kiti kimoja na nusu, na ubao mweusi uliotundikwa nje chini ya dirisha. Kiti kizima kilikuwa cha mwalimu wangu, Mzee Buhoma, Muha wa Kidahwe, mzee wa kanisa, mtu asiyecheka kabla ya saa nne asubuhi. Siku ya kwanza nilidhani nitashika redio. Alinipa chaki na kitambaa akanisimamisha jua kali pale ubaoni.

Kazi ilikuwa hivi. Nahodha wa boti ya abiria anayetaka kwenda vijiji vya kaskazini anapita dirishani, anataja jina la boti na anakokwenda. Tunaandika. Boti ikifika, mtu wa redio wa huko, mara nyingi muuguzi wa zahanati au mwalimu wa shule, anatuita na kusema imefika. Mzee Buhoma anamuuliza, "Imefika wapi?" hata kama ameshaambiwa. Akijibiwa ndipo ananitazama, nami nafuta. Upepo ukiwa mbaya na boti ikakimbilia ufuko mwingine, habari inatoka huko ilikokimbilia, nasi tunafuta vilevile. Jina lisilosemewa neno halifutwi. Linaweza kulala pale ubaoni na kuamka, na watu wakapita wakilitazama bila kusema kitu.

"Na kama tunajua kabisa imefika?" nilimuuliza siku moja. "Njia yenyewe fupi, ziwa limetulia."

"Unajua, au unadhani?"

"Nadhani."

"Basi dhani huku mkono uko mfukoni."

Kila mtu wa ufuko ule alilijua jambo hili, kuanzia Kibirizi hadi Mwamgongo na kuendelea, kama unavyojua mlango wa nyumba yako unafungukia upande gani. Huko vijijini walikuwa wakiuliza kwa redio, "Jina bado lipo?" Wakiambiwa limefutwa, basi. Hata kama boti hawaioni mbele yao, wanajua imeshukia mahali salama, na kila mtu anarudi kwenye shughuli zake.

Ilitokea tukaletewa agizo ubao usafishwe upakwe rangi, kuna mgeni mkubwa anakuja. Jina moja lilikuwa bado pale. Mzee Buhoma aliwaambia wapake rangi pembeni, wazunguke jina. Aliyeleta agizo alikasirika, akauliza jina moja la chaki lina ubaya gani. Mzee akamjibu, "Nikilifuta hili, kuna watu wataacha kutazama majini." Mgeni alikuja, akakuta ubao mpya mweusi tititi wenye kiraka cha zamani katikati, na kwenye kiraka jina la boti. Akauliza ni mapambo ya aina gani. Hakuna aliyethubutu kumweleza.

Mzee Buhoma alistaafu, na baada ya miaka michache tukamzika Kidahwe. Nililia kuliko nilivyotarajia. Aliniachia kitambaa chake, ambacho kusema kweli kilikuwa kimebaki nyuzi tu.

Kisha simu zikaingia. Redio za vijijini zikanyamaza moja baada ya nyingine, ubao ukaliwa na mchwa, na ofisi yetu ya usafiri wa ziwani ikanunua vifaa vidogo vya kufungwa kwenye maboti. Kila baada ya dakika chache kifaa kinatuma ujumbe wa boti iko wapi. Ujumbe unaingia kwenye seva, ile mashine iliyo kwenye kabati la chuma mnalolifuta vumbi, au mnalotakiwa kulifuta vumbi. Wakati huohuo akaletwa Neema, binti kutoka Mbeya, aliyeshuka na begi moja la nguo na mawili ya nyaya. Mimi nilikuwa nimeshapelekwa kozi mbili tatu za kompyuta, nikirudi na vyeti na maumivu ya mgongo. Neema ndiye aliyenifundisha kazi yenyewe, na ninamshukuru hadharani hapa kwa kuwa ana kwa ana hataki kushukuriwa.

Mnatakiwa muelewe kwanza hifadhidata yetu. Haiandiki kwenye diski, inashika kila kitu kwenye RAM, yaani kichwani mwa mashine. Faida yake ni wepesi: ukiuliza, jibu limeshafika kabla hujainua kidole. Hasara yake ni kwamba umeme ukikatika na betri zikaisha, inaamka haikumbuki chochote. Kwa maboti hiyo si hasara kubwa. Mahali boti ilipokuwa jana hapamsaidii mtu, na mashine ikiwaka, maboti yaliyoko majini yanajitambulisha upya yenyewe.

Jambo la pili ni muda wa kuishi. Kila rekodi ya boti iliwekewa nusu saa. Boti ikituma ujumbe, nusu saa inaanza upya. Ikikaa kimya nusu saa nzima, rekodi inajifuta. Ndivyo mfumo ulivyotujia kutoka kwa waliotuuzia vifaa, na wao waliutengenezea magari ya mizigo ya mjini. Gari la mizigo likinyamaza, limeegeshwa. Hakuna gari linalozama.

Tatizo letu la mwanzo lilikuwa jingine kabisa. Watu wa vijijini walitaka kuona orodha ya maboti kwenye simu zao, na simu haziwezi kuzungumza na hifadhidata. Hifadhidata ina lugha yake na mlango wake, simu zinajua lugha ya wavuti tu, hiyo HTTP.

"Si tuufungue tu huo mlango?" niliuliza.

Neema alinitazama kwa huruma. "Mzee, hii hifadhidata ni mtumishi mtiifu kupita kiasi. Akija mtu kutoka popote akaiambia futa vyote, inafuta vyote, tena inajibu sawa."

"Sasa?"

"Tunaweka karani dirishani. Yeye anasikia lugha ya wavuti, anageuka ndani anauliza kwa lugha ya hifadhidata, anarudi na jibu. Wa nje hamgusi wa ndani."

Karani huyo ndiye proksi. Tulimjenga polepole, na haya ndiyo ya kushika. Hifadhidata inasikiliza ndani ya mashine yenyewe tu, haina anwani ya nje. Msiipe hata mkiombwa na mtu mwenye tai. Proksi inaruhusu amri za kusoma peke yake. Amri za kuandika na kufuta inazikataa mlangoni, hazifiki ndani. Anayetaka kuandika au kufuta kwa mkono sharti aje akae mbele ya mashine, atoe nywila. Hifadhidata ikichelewa kujibu, proksi isisubiri milele. Iseme tu kwamba imeshindwa. Na majibu yawe maandishi matupu, bila picha, kwa sababu mtandao wa huko kaskazini unapita kwa kubembelezwa.

Siku tuliyoiwasha tulimpigia Eliza wa Mwamgongo. Eliza ana duka la vocha na kuchajia simu pale ufukoni, na mumewe, Bukuru, alikuwa nahodha wa boti iitwayo Asante Mama. Tulimpa anwani aiandike kwenye simu.

"Ego, ndiyo, naona!" alipiga kelele. "Asante Mama, imepita Mtanga! Kumbe huyu mwanamume aliniambia ameshakaribia!"

Nyuma yake nilisikia watu wakicheka. Tangu siku hiyo Eliza akawa ndiye ubao wa Mwamgongo. Mwenye mgeni njiani alikwenda dukani kwake, naye alimsomea.

Sasa nafika kwenye ile siku, na nitaisema kwa ufupi.

Asante Mama iliondoka Kibirizi adhuhuri ikiwa na abiria. Ilipofika mbele ya milima ya Gombe upepo wa kusini ukainuka, mkubwa. Watu wa Mwamgongo waliona ziwa limechafuka na boti haijatokea. Eliza akatazama simu: boti ipo kwenye orodha, lakini haisogei. Vijana wakasukuma maboti mawili majini waende kuitafuta. Walikuwa wanatia mafuta Eliza alipotazama simu tena. Jina halikuwepo.

Vijana wangu, mtu wa mahali pengine angeona hivyo akashika kichwa. Eliza alishusha pumzi. Kwake yeye, na kwa kila mtu aliyesimama pale, jina halifutwi mpaka mtu aseme wamefika. Akawapigia kelele wale vijana kwamba wamefutwa, wameshukia mahali. Wakayavuta maboti nchi kavu, wakafurahi, na yeye akarudi dukani akachajia watu simu. Muda ulikwenda. Baadaye alitaka kujua chakula akiweke au asikiweke, ndipo akanipigia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Eliza. Hali ya huko?"

"Upepo umetuvuruga. Kina Bukuru wameshukia wapi? Mtanga?"

"Nani kasema wameshuka?"

"Si mmewafuta? Nimeona nyie mmewafuta. Wanaume walikuwa wanaingia majini, nikawarudisha."

Nilitazama skrini, nikamtazama Neema. Mimi sikuwa nimemfuta mtu. Neema hakuwa amemfuta mtu. Nusu saa ilikuwa imekwisha, basi.

"Eliza," nilisema, "nisikilize. Hakuna aliyesema wamefika. Mashine imefuta yenyewe. Rudisheni maboti majini sasa hivi."

Hakuuliza swali hata moja. Nilimsikia akikimbia, akipiga kelele kwa Kiha, na simu ikiwa bado mkononi mwake, upepo ukivuma ndani yake. Nami nikatoka nje nikawaita manahodha wa Kibirizi, wakaondoka bila kubishana.

Waliwapata jua likizama. Boti ilikuwa imepinduka, abiria wameshikilia ubavu wake na madumu ya mafuta. Wote walitolewa hai. Bukuru hakuwemo. Walisema alikuwa akiogelea kuizunguka boti, akiwaita majina mmoja mmoja ili kila mtu aitike, akimaliza anaanza tena. Mara ya mwisho alipoanza kuita hakumaliza, na hakuna aliyeona alivyokwenda. Walimtafuta siku zilizofuata hadi upande wa mpaka. Ziwa hilo lina kina kirefu, mnalijua.

Mtaniuliza kama maboti yangetoka mapema Bukuru angepatikana. Sijui. Neema naye aliniuliza hivyohivyo, nikamjibu hivyohivyo. Alikaa sakafuni karibu na lile kabati la chuma, analia, anasema anarudi kwao. Ndipo nikamweleza habari za ubao, kitambaa, na Mzee Buhoma.

"Mbona hukuniambia, Mzee?"

"Sikujua kwamba kuna mtu asiyelijua."

Akafuta machozi, akavuta kiti, akafungua kompyuta. Alichokifanya ndicho mnachokiona leo. Rekodi ya boti haina tena muda wa kuishi, na ya kwanza kuandikwa upya hivyo ilikuwa ya Asante Mama. Kinachokufa baada ya nusu saa ni alama ndogo ya pembeni, inayosema boti imesikika. Mtu akiuliza, proksi inatazama vyote viwili. Ikikuta rekodi ipo na alama haipo, inajibu: haijasikika, mara ya mwisho ilikuwa mahali fulani, saa fulani. Na simu ya chumba inalia hapohapo. Jina la boti linaondolewa na mtu tu, aliyekaa mbele ya mashine, baada ya kusikia kwa mdomo wa mtu kwamba imefika, na imefika wapi. Akija mtaalamu akawaambia mpangilio huu unapoteza nafasi kwenye RAM, mpeni chai, msimpe nywila.

Lakini mashine ni ileile, na umeme wa Kigoma mnaujua. Ulikatika siku nyingi, betri zikaisha, na mashine ilipowaka maboti yakajitambulisha yenyewe kama kawaida. Asubuhi Eliza akapiga simu.

"Mzee, mmemfuta?"

Nikatazama orodha. Asante Mama haikuwepo. Boti zilizo hai zilikuwa zimejirudisha zenyewe, lakini kifaa cha ile kilikufa majini siku ileile, hakukuwa na cha kuirudisha.

"Hapana, mama. Umeme ulikatika, mashine imesahau."

"Mwandike basi."

Nikamwandika kwa mkono: jina la boti, mahali iliposikika mwisho, saa. Tangu siku hiyo, kila mashine ilipozimika na kuwaka, kazi yangu ya kwanza kabla ya chai ilikuwa kuiandika Asante Mama. Neema alisema anaweza kuweka maelekezo machache mashine iwe inaiandika yenyewe ikiwaka. Nilikataa, na sina sababu yoyote ya kiufundi. Bosi mmoja aliona jina lile kwenye orodha akasema linatia watu huzuni na linaharibu taarifa zetu. Nikamwambia bado hatujapata neno kwamba imefika. Akanitazama kama yule mgeni alivyoutazama ubao, akaenda zake.

Miaka ikapita hivyo, nami nikafikia kustaafu. Nilipanda boti hadi Mwamgongo kumwambia Eliza mwenyewe, kwa sababu jambo kama lile halisemwi kwa simu. Alinikaribisha dukani, akanipa soda, akaendelea kukata vocha.

"Na umeme ukikatika?" aliuliza.

"Neema ataandika."

"Neema naye si watamhamisha?"

Watumishi huhamishwa, na atakayekuja atakuta kwenye orodha boti isiyosogea, aone ni uchafu wa mfumo, aisafishe kwa nia njema kabisa. Nililiwaza hilo nikaogopa, nikaogopa kweli, kama kwamba Bukuru yuko bado pale majini na mimi ndiye naondoka. Eliza alinifungashia dagaa nikarudi Kibirizi, na sikujua nimemwacha na nini.

Siku yangu ya mwisho kazini alisimama dirishani, palepale walipokuwa wakisimama manahodha zamani. Alivaa kanga safi, amefunga kilemba. Neema alikuwa nami.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Eliza. Karibu ndani."

"Hapahapa panatosha. Nimekuja kusema." Alishika kizingiti cha dirisha kwa mikono miwili. "Asante Mama imefika."

Neema ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo, kama utaratibu unavyotaka. "Imefika wapi, mama?"

"Imefika ilipofika, mwanangu. Ninayesema ni mimi."

Nikakaa mbele ya mashine. Nikaweka nywila, nikakosea, nikaweka tena. Nikaandika amri ya kuondoa na jina la boti, nikabonyeza. Hifadhidata ile haina maneno mengi. Ukiiambia iondoe kitu inakujibu kwa tarakimu, idadi ya vilivyoondolewa. Ikajibu 1.

"Tayari," nilimwambia.

Eliza aliitikia kwa kichwa. Alijifunga kanga vizuri kiunoni, akageuka kutazama ufukoni, kisha akaniuliza kama boti ya kwenda Mwamgongo bado ipo au imeshaondoka. Nikamtazamia kwenye orodha.

"Bado ipo," nilimwambia. "Nenda, wanakungoja."